Mwano wa Mama Niliouweka Kwenye Gemu

Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, poleni na safari. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nawaomba kitu kimoja kabla sijaanza: zimeni simu. Sikusema mtoe sauti. Zimeni kabisa. Nikimaliza mtajua kwa nini.

Mama mwenyekiti wa kikundi amenitambulisha kama mtaalamu wa kompyuta kutoka upande wa Nyakahura. Nashukuru, mama, lakini umenipamba mno. Mimi nimekuja hapa Nyamahanga kuwaambia jinsi nilivyouza kitu ambacho hakikuwa changu, na damu iliyomwagika kwa ajili hiyo. Majina ya watu sitayataja. Hata jina la lile gemu sitalitaja, maana nawajua vijana, mtalitafuta.

Ninyi wenyeji wa huku hamhitaji kufundishwa mwano. Kwa wageni waliofuatana na kikundi, mwano ni lile yowe la kuitana kwenye hatari. Ukilisikia unaacha ulichoshika, unakwenda. Kama umegombana na mwenye nyumba tangu mwaka juzi, unakwenda hivyo hivyo, mkirudi mtaendelea kununiana. Asiyekwenda analipa mbuzi. Akirudia anatengwa: hasalimiwi, hapewi moto, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe.

Mimi nilikua kwenye mwano. Miaka ile wakimbizi wa kwanza walipojaa kule Ngara, bunduki nazo zilivuka mpaka. Sisemi wakimbizi ndio walikuwa majambazi, wengi wao waliporwa na kuuawa kama sisi. Nasema bunduki zilikuwa nyingi, na pori letu ni kubwa. Mabasi yalikuwa hayapiti mpaka yasindikizwe na askari. Sisi wa vijijini askari wa kutusindikiza hatukuwa nao. Askari wetu lilikuwa koo la mama yangu.

Mwano wake ulijulikana. Ulianzia chini, ukapanda, ukakatika mara tatu, halafu ukapanda tena juu kuliko mwanzo. Nikiwa darasa la pili, asubuhi moja watu watatu waliingia kwa jirani na bunduki. Mama akapiga mwano. Kabla sijavaa shati, uwanja ulikuwa umejaa watu wenye mikuki, mapanga, michi, na bibi mmoja ana mwiko. Wawili wakakimbia. Wa tatu alijikwaa kwenye mizizi ya mparachichi, na watu wakamuua kwa mawe. Niliona yote. Niliona jinsi mguu wake ulivyoendelea kuchezacheza wakati kichwa hakipo tena kama kichwa. Sikulia. Niliona ni haki, na nikaona mama yangu ana nguvu kuliko bunduki.

Hiyo ndiyo picha niliyokwenda nayo chuoni Mwanza, nikajifunza kutengeneza programu za kompyuta. Nilipomaliza ajira hakuna, nikarudi nyumbani na kompyuta kuukuu ambayo betri yake ilikuwa imekufa. Nikapanga chumba pale senta, kwenye umeme, nikaanza kutengeneza gemu la simu. Nilitaka litoke, lipendwe, liniweke mjini. Msinicheke. Kuna watu wanaishi vizuri kwa kazi hiyo.

Wakati huo wakimbizi walikuwa wameanza kuja tena kutoka Burundi. Mabasi ya kuwapeleka kambini yalipita mbele ya dirisha langu, godoro juu, watoto madirishani. Gemu langu la kwanza nililitoa pale: wewe ni dereva, unavusha basi la abiria kwenye pori, majambazi wanatega magogo, wewe unawafikisha watu salama. Gemu zuri. Walilipakua watu wachache sana, na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe kwa simu ya mama.

Kulikuwa na jamaa mmoja Mwanza, kazi yake kuunganisha watengenezaji na watu wa matangazo. Nikamfuata. Akalicheza gemu langu, akaniwekea simu mezani.

"Mdogo wangu, wewe unajua hela inaingia saa ngapi?"

"Mtu akipakua," nikasema.

"Hela inaingia mchezaji akifa. Akifa, tangazo linatokea. Akitaka kufufuka, aliangalie mpaka mwisho. Sasa mimi nimeendesha basi lako mpaka chai imepoa, sijafa. Utakula nini?" Akacheka. "Halafu nani kakwambia watu wanataka kuwa dereva? Wape wawe jambazi. Weka damu."

Ndugu zangu, tangu siku ile kazi yangu ikawa kuua. Nilikuwa na daftari, naandika mchezaji afe wakati gani. Akifa upesi mno anakasirika, anafuta gemu. Akichelewa, mimi sili. Nikagundua dawa yake: mwache aonje ushindi, mwache aanze kujisifu, hapo ndipo umchinje. Nikageuza gemu lote. Sasa wewe ni jambazi, una panga, unaingia nyumbani kwa watu. Nilikata migomba sita ya mama nikitafuta mlio wa panga linaloingia kwenye nyama. Mama akatoka jikoni, akaitazama.

"Migomba hii imekukosea nini, mwanangu?"

"Kazi, mama."

Kilichobaki ni sauti ya kijiji. Kwenye gemu, ukikaa sana kwenye nyumba ya mtu, mwano unalia, wanakijiji wanakuja mbio, na wewe inabidi uwakate kabla hawajakuzunguka. Nikajaribu kupiga mwano mwenyewe, nikatoa sauti ya mbuzi. Nikamwendea mama.

"Mama, nipigie mwano nirekodi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi hakuna mwano." Akaendelea kuchambua maharage.

Haukupita muda. Asubuhi moja niko nyumbani, wezi wa ng'ombe wakamvamia jirani yetu zizini. Mama akatoka uwanjani akapiga mwano. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua nne tu, simu mkononi. Na ninyi mnajua mtu wa kwetu anatakiwa afanye nini akisikia mwano. Mimi nilibonyeza kurekodi. Watu wananipita wanakimbia, mimi nimesimama nimenyoosha mkono ili upepo usiingie kwenye sauti. Jirani walimkuta amepigwa shoka begani, mfupa uko nje, lakini wezi walizidiwa wakaacha ng'ombe. Watu wanambeba jirani kwenye machela, mimi niko nyuma ya nyumba nimeweka simu sikioni, nasikiliza kama imetoka vizuri. Ilikuwa imetoka vizuri mno.

Gemu likaruka. Dar, Nairobi, hata watu wa nje ambao hawajui mwano ni kitu gani waliandika kwamba ile sauti inawasimamisha nywele. Wakaniwekea nyota zote. Nikanunua kompyuta mpya na pikipiki, mama nikamwezekea nyumba bati. Pale senta nikapita kifua mbele. Yule jamaa wa Mwanza alinipigia simu akaniita bosi.

Kijijini kwetu nako gemu likafika. Na mwano wa mama yangu ukaanza kulia mchana kutwa.

Siku ya kwanza watu walitoka. Wanawake waliacha vyungu vinaungua, mzee mmoja alikimbia na mkuki akaanguka kwenye mtaro, akateguka nyonga. Walipofika walikuta vijana watano chini ya kibanda wameinamia simu moja. Siku ya pili wakatoka tena, wachache. Mwenyekiti wa kitongoji akaja chumbani kwangu na fimbo yake, akakataa kiti.

"Kijana, itoe ile sauti. Gemu libaki, sauti uitoe."

"Mzee, hiyo sauti ndiyo inayouza."

"Watu watafanyaje sasa?"

Nikamjibu neno moja, na neno hilo linanifuata mpaka leo. Nikasema, "Watazoea."

Na kweli, ndugu zangu, walizoea.

Sasa niwaambie habari za mtu mmoja. Kwetu kuna bwana alikuja utotoni na wale wakimbizi wa kwanza. Wenzake waliporudishwa kwao yeye alibaki, akaoa kwetu, ana watoto wakubwa, lakini watu walikuwa bado wanamwita Mkimbizi. Mimi pia nilimwita hivyo. Alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya watu, simu yake ni ya tochi. Kila gemu lilipolia, Mkimbizi alikuja mbio na jembe. Kila mara. Senta nzima ilimcheka. Vijana walikuwa wanaliwasha makusudi wamwone akikimbia. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti.

Jumapili moja, kama saa kumi alasiri, niko chumbani kwangu, dirisha wazi, nasoma maoni ya wachezaji. Nikasikia mwano wa mama. Chini, juu, ukakatika mara tatu, ukapanda. Unajua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikasema moyoni, huyo mwingine anacheza.

Nikamwona Mkimbizi anapita dirishani na jembe lake, jasho linamtoka. Nikamwita, "Wewe, tulia! Ni simu hiyo!" Hakugeuza hata shingo. Watu waliokaa barazani wakaangua kicheko, nami nikawasaidia kucheka.

Ule mwano ukaendelea. Na mimi ndiye niliyeukata ule mlio kwenye kompyuta, naujua kuliko mtu yeyote. Kwenye gemu ukifika mwisho unarudi mwanzo, vilevile. Huu haukurudi mwanzo. Huu uliita jina langu.

Nilikimbia. Sijui nilipitaje kwenye mihogo. Njiani nawapita watu wamekaa nje, wananitazama, mmoja anabangua karanga. Nikapiga kelele ni kweli, ni kweli! Wakawa wanatazamana.

Walikuwa watatu. Walikuwa wamesikia kwamba mama wa kijana wa gemu ameficha hela za simu ndani ya nyumba. Hela hazikuwepo, hela za simu ziko kwenye simu. Walivyokosa, wakaanza kumkata. Nilipofika mama alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, taya la kushoto limefunguka mpaka chini ya sikio, meno yanaonekana kutokea upande ambao meno hayatakiwi kuonekana. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kanga. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa bado, kama anazuia.

Na mbele yake alikuwa Mkimbizi. Alikuwa peke yake na wale watatu. Mmoja alikuwa chini, jembe limemwingia kwenye paji la uso. Wa pili alimkata Mkimbizi mkono wa kushoto mbele ya macho yangu, chini ya kiwiko. Nilisikia ule mlio. Nawaambia ukweli, haufanani na mgomba hata kidogo. Yeye hakuanguka. Alimrukia yule mtu, akamng'ata shingo akamshikilia hivyo, mpaka mimi nilipofika na jiwe. Nilimpiga yule mtu kichwani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wa tatu alikimbilia porini. Ndipo kijiji kikafika, kila mmoja amechelewa, kila mmoja anapumua kwa nguvu, hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Mama na Mkimbizi wakapakiwa kwenye gari moja kwenda hospitali. Mimi sikuruhusiwa kupanda. Watu walinigeukia pale pale uwanjani kwa mama. Wakanipiga kwa michi, wakanivunja mbavu mbili na hiki kidole mnachokiona hakinyooki. Wakaenda senta, wakatoa kompyuta yangu nje, wakaiponda kwa mawe. Kama si mwenyekiti kuweka fimbo yake katikati, nisingekuwa nasimama hapa. Akasema, "Msimuue. Mtengeni."

Mama mmoja pale mbele anafuta machozi. Mama, usinionee huruma bado, sijamaliza kuwa mjinga.

Gemu nililiacha liendelee. Ndiyo. Kompyuta imepondwa, lakini gemu lilikuwa hewani, na ningeweza kuliondoa kwa simu yangu kwa kubonyeza mara mbili. Nilijiambia ni kwa ajili ya hospitali. Uongo. Hospitali nilishamaliza kuilipa. Nilishindwa kuacha kuitwa bosi, hata kama anayeniita yuko Mwanza na kijijini kwangu hakuna anayeniita chochote. Nasema shikamoo, mzee ananipita. Dukani muuzaji anamhudumia aliyekuja nyuma yangu. Mama aliporudi alipikiwa na majirani kwa zamu, na zamu ikifika wananiambia nitoke nje kwa kunyoosha kidole, bila neno. Yeye mwenyewe alikuwa hawezi kusema. Taya lilishonwa, likashikana vibaya. Mpaka leo anaongea, lakini kwa sauti ya chini sana, na maneno yanatoka yamepondeka. Kupiga mwano hawezi tena.

Nikaanza kufikiria kamba. Naliweka wazi kwa sababu najua humu kuna mtu anaifikiria. Nilikuwa nimeshachagua mti.

Asubuhi nakwenda kule, nikakutana na Mkimbizi njiani. Anapalilia kwa mkono mmoja, mpini wa jembe ameubana kwapani. Nikainamisha kichwa nimpite. Akasimama.

"Amahoro," akasema. Hiyo ni salamu ya kwao.

Ilikuwa salamu ya kwanza kuisikia kwa miezi. Nikakaa chini palepale kwenye majani nikalia mpaka nikatapika. Akaningoja. Halafu nikamuuliza jambo lililokuwa linanitafuna: "Kila siku ilikuwa simu. Ulijuaje siku ile ni kweli?"

"Sikujua," akasema. "Mimi nilijua ni simu."

"Sasa ulikimbilia nini?"

Akafuta jembe kwa mguu. "Kule kwetu mama yangu alipiga induru, ndio mwano wetu. Mimi nilikuwa mtoto, nimejificha kwenye migomba, nahesabu watakaokuja. Majirani walikuwa ndani, nawaona kwenye mlango. Hakuja mtu. Tangu siku ile nikisikia, nakwenda. Wakinicheka, ni vizuri, maana yake hakuna aliyekufa." Akaitazama ile kamba niliyokuwa nimeishika. Akasema tu, "Nenda nyumbani. Kaifute ile sauti."

Nilirudi nyumbani nikalitoa gemu. Nikabonyeza mara mbili, likaondoka, na jamaa wa Mwanza akanitukana matusi ya nguoni. Lakini lilikuwa bado kwenye simu za watu, na ninyi mnajua vijana wanavyorushiana vitu. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mtu hanisalimii, mimi nasimama uwanjani kwake, naomba simu, nafuta, namrudishia. Wengine waliniachilia mbwa. Nilipita kijiji chetu, nikapita vya jirani, nikafika mpaka Nyabusozi kwa miguu, kwa kuwa pikipiki niliiuza ili Mkimbizi apate matibabu ya kile kigutu kilichokuwa kimeanza kuoza.

Mwisho ikabaki ile sauti ya kwanza, ile niliyorekodi mimi. Hapo nilishindwa. Ndugu zangu, mwano wa mama yangu ulikuwa hauko tena mahali popote duniani isipokuwa kwenye simu yangu. Nikifuta, hakuna mtu atakayeusikia tena. Nikampelekea mwenyewe. Akachukua simu, akaiweka sikioni upande ule mzima, akasikiliza mara moja mpaka mwisho. Niliona shingo yake ikitikisika kana kwamba inataka kujibu. Halafu akanirudishia, akafanya hivi kwa mkono. Hivi. Kama mtu anayefukuza kuku.

Nikafuta.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alipita mbele ya nyumba. Nikasema shikamoo kama mtu anayesema na ukuta. Akaenda hatua mbili, akasema, "Marahaba." Mpaka leo sijui kama kuna hela ingeninunulia lile neno.

Siku hizi bado natengeneza magemu. Mnashangaa? Ndiyo kazi ninayoijua. Lipo moja la kuvusha ndizi kwenye matope mpaka mnadani. Hakuna anayekufa humo, na kusema kweli halijanitajirisha. Lakini nalala.

Nawashukuru ninyi mlionisikiliza bila kunizomea. Namshukuru mwenyekiti wangu kwa ile fimbo. Majirani waliompikia mama na kunifukuza jikoni, nawashukuru pia, walikuwa na haki yote. Yule ndugu mwenye mkono mmoja nilimwomba tuje wote hapa, akasema palizi haingoji. Kijijini sasa hakuna anayemwita Mkimbizi. Wanamwita kwa jina lake, na nisingekuwa nimeahidi kutotaja majina, lake ningelitaja kwa sauti.

Na ninyi vijana mnaotaka kutengeneza vitu viuzike, tengenezeni, uzeni, ninawaombea mpate. Ila kabla hujauza kitu, jiulize nani anakitegemea ili aendelee kuishi.

Nimalizie na hili. Mwezi uliopita, saa za mchana, niko shambani nikasikia debe linapigwa. Haraka, haraka, linakatika mara tatu, linapanda tena. Nikajua ni mama. Jiko la jirani lilikuwa limeshika moto na mtoto yuko ndani, na mama hana koo, akachukua debe na mchi. Nikatupa jembe nikakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia, naomba Mungu nisiwe wa kwanza na wa mwisho.

Nilipofika sikupata pa kupita. Uwanja ulikuwa umejaa watu, ndoo zinapita mkono kwa mkono, mtoto ameshatolewa analia kwa hasira. Yule ndugu yuko juu ya paa na mkono wake mmoja. Mwenyekiti akageuka, akaniona nahema pale nyuma ya watu wote, akanikaripia mbele ya kijiji kizima:

"Umechelewa! Unadaiwa mbuzi!"

Niliwapa mbuzi, ndugu zangu. Nilimpeleka mimi mwenyewe, huku nalia kwa furaha.